Madoa ya Kanga Huchongwa Kwanza

Mchoraji wa Tingatinga anapomchora kanga, madoa meupe huja mwisho. Kwanza hutandaza rangi ya usuli juu ya hadibodi na kuiacha ikauke. Huweka mwili mweusi wa ndege, shingo, miguu na jicho, kisha huchovya brashi ndogo kwenye rangi nyeupe na kudondosha madoa moja moja mpaka mgongo wote ujae. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora hivyo Dar es Salaam mwaka 1968, alifariki mwaka 1972, lakini mpangilio huo umebaki mikononi mwa wachoraji wengi wa nchi hii. Faida yake ni kubwa: rangi ya mafuta hufunika ilichokikuta. Doa likikaa vibaya, msanii hulizima kwa nyeusi na kuliweka upya.

Mchapo wa kibao kinachopunguzwa hauna msamaha huo. Hapa madoa ya kanga huchongwa kabla ya jambo lingine lolote, wakati ndege mwenyewe hajaonekana hata kidogo. Kibao ni kimoja tu tangu rangi ya kwanza hadi ya mwisho. Mchapaji huanza kwa kuondoa kila sehemu itakayobaki na weupe wa karatasi, hupaka wino mwepesi juu ya kibao chote, na kuchapa karatasi zote anazokusudia. Halafu hukisafisha kibao kilekile na kukichonga tena, safari hii akiondoa sehemu zinazotakiwa kubaki na rangi ile ya kwanza. Hupaka wino wa pili, uliokolea zaidi, na kuchapa juu ya karatasi zilezile. Huendelea hivyo hadi nyeusi. Kila rangi inayoongezeka kwenye karatasi hulipiwa kwa mbao inayotoka kwenye kibao, na kazi inapokamilika kibao kimebakiwa na vipande vya rangi ya mwisho peke yake. Nakala ya ziada haiwezekani tena. Wachapaji wa Ulaya huiita njia ya kujiua, na ukali wa jina hilo unaeleweka: maji yakimwagika hayazoleki.

Je, njia yenye masharti makali namna hii inamfaa mtu anayetaka kuchapa ndege kwa rangi nyingi akiwa Isansa? Nimeichagua Isansa kwa makusudi. Ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika nyanda za kahawa za Wanyiha, ndani ya Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mtu wa huko akihitaji brashi au karatasi nene huangalia kwanza Mlowo, kisha Vwawa, kisha Tunduma mpakani, na akikosa huagiza Dar es Salaam. Mjadala wa sanaa ya kuchapa nchini mara nyingi hufanywa kana kwamba kila msanii ana mashine ya kukandamizia, meza ya kioo na duka la wino mtaa wa pili. Nataka kuuliza swali hili mahali ambapo vitu hivyo havipo.

Jibu langu ni ndiyo, inamfaa, na pengine inamfaa kuliko njia nyingine za rangi nyingi. Lakini kuna sharti ambalo vitabu vya ufundi huliweka pembeni: lazima ndege achaguliwe kwa kuangalia jinsi rangi zake zinavyopangana, kwa sababu ndege ndiye anayeamua utaratibu wa kazi. Anayechagua ndege kwa uzuri wake tu, halafu akaanza kuchonga, ataharibu kibao.

Tuanze na njia mbadala, ili tusiisifu hii bure. Njia ya zamani ya kuchapa rangi nyingi ni kutumia kibao kimoja kwa kila rangi. Wajapani waliifikisha mbali mno tangu mwaka 1765, Suzuki Harunobu alipoanza kutoa picha za rangi kamili mjini Edo. Picha moja ilikuwa na mchoraji, mchongaji, mchapaji na mchapishaji aliyelipia kazi, kila mmoja na kazi yake, na vibao vya mti wa mcheri vilichongwa kimoja kwa kila rangi. Vibao hivyo havikufa. Picha iliyopendwa ilichapwa tena na tena. Hiyo ilikuwa karakana ya watu wengi katika mji wenye wanunuzi wengi. Mtu mmoja wa kijijini akiiga mpango huo kwa picha ya rangi tano atahitaji mbao tano zilizonyooka sawasawa, zenye unene mmoja, na michoro mitano inayolingana hadi milimita.

Pwani yetu nayo ina historia ya vibao. Kabla viwanda vya ng'ambo havijachukua kazi yote, mafundi wa Unguja na Mombasa waligonga mapambo juu ya vitambaa kwa mihuri iliyochongwa kwa mkono, na wapo wanaosimulia kwamba mihuri mingine ilikatwa kwenye kiazi kitamu au kwenye fenesi bichi. Huo ni uchapaji wa kurudiarudia: muhuri mdogo, pambo dogo, kitambaa kirefu. Hatukosi, basi, mazoea ya kuchonga ili kuchapa. Tulichokuwa hatuna ni desturi ya kuchonga kibao kikubwa ili kujenga picha moja kwa matabaka.

Desturi hiyo ilipata jina lake kubwa huko Vallauris, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1958 Pablo Picasso alichapa picha ya msichana kwa kufuata mchoro wa Cranach Mdogo, akitumia vibao kadhaa vya linoliamu, na kulinganisha vibao hivyo kulimchosha. Mwaka uliofuata, akifanya kazi na mchapaji Hidalgo Arnéra, alianza kutumia kibao kimoja na kukipunguza rangi baada ya rangi. Linoliamu yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya wasanii. Mwingereza Frederick Walton aliibuni miaka ya 1860 kuwa zulia la sakafu: mafuta ya kitani yaliyogandishwa, vumbi la koki na unga wa mbao, vikishikwa na kitambaa cha juti. Wasanii waliipenda kwa sababu haina nyuzi kama mti, hivyo kisu huenda upande wowote bila kupotoshwa.

Kusini mwa Afrika, kituo cha sanaa cha Kilutheri cha Rorke's Drift, kilichoanzishwa mwaka 1962 na Ulla na Peder Gowenius kutoka Uswidi, kililea wachapaji wakubwa wa linoliamu, miongoni mwao Azaria Mbatha na Mnamibia John Muafangejo. Kazi zao zilizojulikana zaidi ni za nyeusi juu ya nyeupe. Kwetu Dar es Salaam, Nyumba ya Sanaa iliyoanza mwaka 1972 ilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo msanii wa kawaida aliweza kujifunza kuchapa. George Lilanga alipitia hapo, na Robino Ntila akajulikana kwa michapo. Nairobi, Dennis Muraguri amechonga matatu kwenye mbao kubwa mpaka mtazamaji anakaribia kusikia muziki wake. Lakini kwa swali letu jina la kwanza la Afrika Mashariki ni Fred Mutebi wa Uganda. Kwa miaka mingi amechapa picha za mbao zenye rangi nyingi zinazotoka kwenye kibao kimoja kinachoendelea kupunguzwa, na amekuwa mtetezi wa kitambaa cha gome la mutuba, ambacho UNESCO imekiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Mutebi anatuonyesha kwamba njia hii inaweza kubeba maisha yote ya kazi ya msanii wa ukanda wetu, na kwamba mbao za kawaida zinatosha.

Turudi kwa ndege, maana hapo ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Nitachukua watatu ambao mtu wa Songwe anaweza kuwaona bila kusafiri mbali: furukombe, kanga na korongo mwenye taji.

Furukombe, yaani tai mla samaki, yuko Ziwa Rukwa upande wa kaskazini wa mkoa, na ng'ambo ya mpaka wa Tunduma ni ndege wa taifa la Zambia, aliyepo kwenye bendera tangu uhuru wa mwaka 1964. Mwangalie kwa jicho la mchapaji. Kichwa, kifua na mkia ni vyeupe. Ngozi ya uso na miguu ni njano. Tumbo na mabega ni hudhurungi nyekundu. Mabawa ni meusi. Rangi hizo nne zimejipanga zenyewe kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye giza, na kila moja inakaa vizuri juu ya ile iliyoitangulia. Weupe ni karatasi yenyewe. Njano ikichapwa kwenye kibao chote kilichobaki, haidhuru kitu, kwa sababu hudhurungi juu ya njano hupata joto ambalo hudhurungi peke yake haina. Nyeusi hufunika zote mbili. Ni wino wa aina tatu na machongo matatu tu. Zaidi ya hapo, mabaka yake ni makubwa, kiasi kwamba karatasi ikisogea kidogo, macho hayalalamiki. Ukitaka anga la jioni nyuma yake, liachie njano ile ile ya miguu na hutaongeza hatua yoyote. Katika ndege wote ninaowafahamu, sijaona anayeifaa njia hii kuliko huyu.

Kanga anaonekana rahisi kuliko furukombe, na hapo ndipo anapowadanganya wengi. Kuchonga madoa ni kazi nyepesi: unazungusha ncha ya bobari, doa linatoka. Ugumu unakuja baadaye. Kila doa ni tundu moja linalopitia rangi zote, kwa hiyo katika kila uchapaji tundu lilelile lazima litue juu ya weupe uleule. Doa lina upana wa milimita tatu au nne. Karatasi ikihama milimita moja tu, weupe umekatwa robo au zaidi, na pembeni yake kuna hilali ya kijivu. Mamia ya madoa yakifanya hivyo kwa pamoja, ndege mzima anaonekana kama anatetemeka. Kisha kuna kichwa: ngozi ya buluu, nyama nyekundu zinazoning'inia, na pembe ya rangi ya udongo. Buluu ikichapwa juu ya rangi ya udongo huelekea kijani, usipoichanganya na nyeupe ili izibe. Ushauri wangu kwa kanga ni rangi chache: madoa meupe, kijivu chenye ubuluu, nyeusi, na nyekundu kidogo ya kichwani ipakwe kwa pedi ndogo. Kanga wa rangi hizo akilengwa vizuri huwapita ndege wa rangi kumi waliosogea.

Korongo mwenye taji ndiye kila mtu anayemtaka. Uganda imemweka kwenye bendera yake tangu mwaka 1962. Tangu mwaka 2012 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini imemhesabu miongoni mwa walio hatarini kutoweka, kwa sababu mabwawa na mabonde oevu anayotagia yanageuzwa mashamba, makinda na mayai huchukuliwa, na wengine hunaswa kuuzwa wakiwa hai. Kumchapa ni jambo jema. Lakini rangi zake zimepangwa kwa namna inayomtesa mchapaji: shavu jeupe, taji la dhahabu, nyekundu chache kooni, shingo ya kijivu kilichofifia, mwili wa kijivu kilichokolea, bawa jeupe lenye manyoya ya dhahabu na hudhurungi, na paji jeusi kama mahameli.

Ukifuata kanuni ya mwanga kwenda giza bila kufikiri, utachapa njano, halafu nyekundu, halafu kijivu. Matokeo ni kwamba shingo nzima ya ndege imepakwa nyekundu kabla haijapata kijivu chake, na kijivu chembamba juu ya nyekundu hugeuka rangi ya matope. Njia za kutoka ni tatu. Ya kwanza ni kukizibisha kijivu kwa kukitia nyeupe nyingi, lakini wino mzito hivyo huziba mistari midogo na huchelewa kukauka. Ya pili ni kuipaka nyekundu mahali pake tu, kwa kidonge cha kitambaa, na kuichonga mara moja kabla ya hatua ya kijivu. Ya tatu ilitumiwa na Edvard Munch wa Norwei mwishoni mwa karne ya 19: kukikata kibao vipande kwa msumeno mwembamba, kupaka kila kipande rangi yake, kisha kuvirudisha pamoja na kuchapa kwa mara moja. Kwa koo dogo la korongo, njia ya pili inatosha.

Taji nalo lina siri yake. Wengi hulichora juu ya anga jeupe, na hapo hujikuta wanalazimika kuacha nyuzi nyembamba za mbao zisimame peke yake huku pande zote mbili zikichongwa. Nyuzi hizo huvunjika kabla ya nakala ya tano. Mweke korongo yuleyule mbele ya matete yenye giza na kazi inageuka. Chapa njano kwanza, kisha kwa kila unywele wa taji vuta mfereji mmoja kwa bobari ya pembe tatu. Mfereji huo hautapokea tena wino, hivyo utabaki wa dhahabu katikati ya giza linalokuja. Kuvuta mfereji ni kazi ya sekunde. Kuusimamisha uzi wa mbao ni kazi ya saa nzima. Mchapaji anayeelewa tofauti hiyo ameelewa sehemu kubwa ya sanaa hii.

Sasa vifaa. Linoliamu ya kuchongea ikipatikana ni nzuri, na katika baridi ya Juni na Julai huko Mbozi, ambako nyanda ziko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, inafaa kuianika juani kidogo kabla ya kuchonga kwa sababu ikipoa huwa ngumu na hukatika ovyo. Lakini nisingemshauri mtu wa Isansa aisubiri. Kapeti la plastiki la dukani ni jembamba mno na wino huteleza juu yake. Plaiwudi hufaa kwa mabaka makubwa, ila kona zake huchanika. Msindano wa mashamba ya Mufindi una duara laini na duara gumu zinazofuatana, na patasi huruka kutoka moja kwenda nyingine. Anayeupenda mti huo aupende kwa mistari yake, maana itaonekana kwenye karatasi. Mjakaranda ni laini na mtulivu. Kwa mafunzo, shiti ya kutengenezea soli za viatu, ile nyepesi ya ndala, ni hazina: huchongeka kwa wembe, haina nyuzi, na mafundi viatu wanayo.

Seremala ana patasi na bobari, ingawa za kwake ni pana kwa manyoya. Ubavu wa mwavuli uliokufa, ukikatwa, ukanolewa kwenye jiwe na kutiwa mpini, ni bobari nyembamba kuliko nyingi za dukani. Wino wa matbaa, ule wa makopo unaotumiwa na wachapaji wa kadi na fomu, unafaa kwa mkono, na kopo moja la nyeusi hudumu muda mrefu. Rola ya sponji ya kupakia ukuta iachwe, maana huacha mapovu. Kipande cha bomba kilichovishwa mpira wa ndani wa baiskeli uliovutwa vizuri hupaka sawasawa zaidi. Mashine ya kukandamizia haihitajiki. Mgongo wa mwiko wa mbao, ukisuguliwa kwa subira juu ya karatasi laini, hutoa mchapo ambao mashine haiudharau. Karatasi ya manila ya shuleni ni ngumu kwa mwiko. Itafutwe iliyo nyembamba na imara. Vyombo husafishwa kwa mafuta ya alizeti kisha sabuni, na kibao kifutwe mpaka kisiache utelezi, kwani alizeti ikibaki huchelewesha wino unaofuata kukauka.

Kukauka ndiko kunakoweka kalenda ya kazi hii. Wino wa mafuta haukauki kwa maji kuondoka. Hugandishwa na hewa, na baridi pamoja na unyevu huchelewesha mgando huo. Rangi moja inaweza kuhitaji siku mbili kiangazi na wiki nzima masika. Karatasi nayo hutanuka kwa unyevu: iliyopokea njano siku ya mvua na hudhurungi siku ya jua kali haitakuwa na ukubwa uleule, na ndege atasogea hata kama mchapaji hakukosea. Kwa hiyo rangi zote za toleo moja zichapwe ndani ya msimu mmoja, na msimu huo Mbozi ni kuanzia Mei hadi Oktoba. Hapo kuna mgongano usiozungumzwa: miezi hiyohiyo ndiyo ya kuchuma kahawa. Mikono inayoweza kuchapa iko shambani na kwenye mitambo ya kumenyea. Mpango unaotekelezeka ni kuchora na kuchonga hatua ya kwanza wakati wa mvua, bila haraka, kisha kuchapa jioni na Jumapili za kiangazi. Kuchonga kunaweza kufanywa kwa taa. Kuchanganya rangi kufanywe mchana.

Kulenga, yaani kuituliza karatasi mahali palepale kwa kila rangi, ni jambo la mbao mbili na misumari. Pigilia vipande viwili vya mbao kuwa pembe ya mraba juu ya ubao mkubwa. Kibao kikae kwenye pembe hiyo kila mara, kona ileile, na karatasi iwe na pembe yake ya pili, nyembamba, inayoiongoza. Wajapani walichonga alama ya kuiongoza karatasi kwenye kibao chenyewe. Na mchoro ukumbukwe kwamba utageuka: furukombe anayetazama kulia kwenye kibao atatazama kushoto kwenye karatasi, na jina lililochongwa sawasawa litasomeka kinyume.

Wapo wanaoipinga njia hii kwa hoja nzito. Mwalimu atasema: mwanafunzi akikosea hatua ya tatu, hana pa kurudi, na kazi ya wiki nyingi imepotea. Mfanyabiashara atasema: picha ikipendwa, huwezi kuchapa nyingine, wakati mwenye skrini ya kuchapia fulana anatoa mia moja leo na mia moja kesho. Hoja ya mwalimu ninaiheshimu, na dawa zake ni mbili. Karatasi za kuanzia ziwe nyingi kuliko nakala zinazotakiwa. Anayetaka kumi na mbili aanze na kumi na nane, kwa sababu kila rangi itakula moja au mbili. Na nakala moja itolewe katika kila hatua iwekwe kando, ili somo la njano, somo la hudhurungi na somo la nyeusi yaonekane ukutani hata kibao kikiwa kimekwisha. Mwanafunzi aliyeiona njano peke yake anaelewa tabaka kuliko aliyeambiwa.

Hoja ya mfanyabiashara inanishawishi kidogo zaidi kuliko ninavyopenda, kwa kuwa msanii lazima ale. Lakini soko la fulana tayari lina wenyewe, na mabango ya plastiki yanachapwa kwa kompyuta katika kila mji wa barabara kuu. Mtu wa Isansa hatawashinda kwa wingi. Anachoweza kuwa nacho wao wasicho nacho ni uchache unaothibitika. Nakala iliyoandikwa 4/12 kwa penseli chini ya picha, kibao chake kikiwa kimeliwa, haiwezi kuongezewa ya kumi na tatu hata mwenyewe akitaka. Mnunuzi wa Dar es Salaam, Lusaka au ng'ambo hulipia hilo. Ni kweli kwamba mtu mwenye mashine ya kuskani anaweza kunakili picha, na hapo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo kinga; lakini nakala ya skani haina mkandamizo wa mwiko wala unene wa wino juu ya wino, na anayejua kuangalia hudanganyika kwa nadra. Namba hiyo inadai ukweli wa mchapaji pia. Asiyehesabu majaribio yake vizuri, au anayeandika 12 akiwa ametoa 20, anaibomoa thamani ya pekee ambayo njia hii inampa.

Kuhusu shule, wakati ni mzuri. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeipa sekondari mkondo wa amali, na sanaa ina nafasi ndani yake. Uchapaji wa kibao unakusanya katika kazi moja uchunguzi wa ndege, hesabu ya vipimo, ufundi wa zana na maarifa ya rangi, na gharama yake kwa darasa ni ndogo kuliko ile ya rangi za maji kwa kila mwanafunzi. Kinachokosekana ni walimu waliowahi kukifanya kibao kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na hilo halihitaji chuo cha mbali. Linahitaji msimu mmoja wa kiangazi.

Kwa mwalimu wa sanaa wa Mbozi anayesoma haya, ombi langu ni moja na linaweza kutekelezwa muhula ujao. Usianze na korongo, hata wanafunzi wakimlilia. Wape furukombe, rangi tatu na kipande cha shiti ya soli kisichozidi ukubwa wa daftari. Waambie waandike kwanza, kwa maneno yao, ni sehemu gani za ndege zitachongwa kabla ya kila rangi, na asishike bobari mwanafunzi ambaye orodha yake haijakamilika. Kanga awe wa mwaka wa pili, watakapokuwa wamejifunza kulenga. Na nakala zao za kwanza ziandikwe namba za kweli, zisainiwe, zibandikwe mahali ambapo wazazi wanaokuja kwenye kikao wataziona.